Kaza Mara ya Pili

Mbingu, barabara ya Mlimba,
Ifakara.
Wiki moja baada ya Nane Nane.

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwanao Maduhu ni mzima, mke wangu mzima, watoto wazima. Ng'ombe wamepunguza maziwa kwa kiangazi lakini wamesimama. Mdogo wangu Shija naye yuko salama kwa namna nitakayokueleza, usishtuke. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Minza aliniandikia kwamba umepona kabisa, lakini ndivyo dada yangu anavyoandika kila mara. Hata mwaka ule mlipokuwa mnakula mlo mmoja aliandika "huku hatujambo." Nijibu wewe mwenyewe, umwambie aandike neno kwa neno, na mtu mwingine akae pembeni kuhakikisha.

Sasa Minza, soma taratibu wala usiruke kitu. Mama, kama mjomba Ngassa bado yuko hapo nyumbani, mtu aende akamshike kabla hujasikia mengine. Telegramu yake ilifika posta ya Ifakara: NAKUJA NA WATU WANNE. MSIMWACHIE HUYO THOBIAS. Juzi nikamjibu: USIJE. NILIKOSEA. Lakini namjua mjomba. Atasema telegramu haina sauti wala mwandiko, kwamba watu wa huku wamenikaba shingo wakaniambia andika. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Ndiyo maana barua hii sikuitia posta. Anaileta Kulwa, kijana wa huku anayerudi huko kuoa, na nimeishonea ndani ya koti lake kwa sindano ya magunia, maana mfuko wake una tundu na yeye mwenyewe ana mdomo. Ukiona uzi si mweusi, ujue imefunguliwa njiani.

Na ili mjomba asiseme kwamba barua imeghushiwa, nitaweka mwishoni jambo ambalo duniani tunalijua watu wawili tu, mimi na wewe. Vumilia tufike huko.

Barua yangu iliyopita niliiandika kwa hasira, jioni ya siku ile Shija alipoanguka, na najua iliwachoma. Nilisema Shija ameangushwa na mtu. Leo naanza upya, tangu walipokuja farasi.

Mvua za masika zilipokwisha alikuja hapa mama mmoja wa Kizungu, daktari wa mifugo, anayechunguza ugonjwa wa mbung'o. Alileta farasi wawili kwa lori kutoka nyanda za juu za Iringa, akawajengea banda la nyavu kando ya kijiji, na mlangoni moshi wa kinyesi cha ng'ombe ukawa unafuka kutwa kucha kufukuza mbung'o. Watu wakamwita Mama Farasi. Mimi nilijiuliza jambo moja tu: mtu mwenye akili zake analetaje farasi kwenye mbung'o? Anatafuta nini? Nikadhani ardhi. Baadaye nikadhani madini. Nikawa napita pale kila siku kuangalia anavyowachoma sindano wale wanyama, na kila sindano niliiona kama inatusubiri sisi. Mke wangu akasema, "Wewe hata jua likichomoza unauliza nani kalituma." Kesho yake nikapita tena.

Jumapili moja alitukuta sungusungu tunafanya mazoezi ya upinde. Akasimama pale mpaka tukamaliza. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba kwao mababu walipiga mishale wakiwa juu ya farasi, farasi anakimbia, na kwamba yeye mwenyewe anaweza. Tukacheka. Kesho yake akapanda, akapiga mbio, akatoboa gunia mara tatu. Hatukucheka tena. Akaomba vijana wawili awafundishe ili siku ya Nane Nane wakaonyeshe uwanjani Ifakara. Shija alinyoosha mkono kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Unamjua mwanao, ukimwambia kisima hiki ni kirefu, anataka kuchungulia.

Nilikataa wiki nzima. Nilikumbuka pale stesheni ya Malampaka uliponishika mkono ukasema, "Nimekupa mzima, nirudishie mzima." Mwishowe nilikubali kwa sharti kwamba na mimi niwepo bandani kila siku, kila hatua, nione kwa macho yangu kila anachogusa mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mfunga matandiko ya farasi, mimi ambaye sijawahi kupanda hata punda.

Mama Farasi ana sheria, mama, usidhani ni mchezo wa kujitupa tu. Mishale yetu ya chuma ilibaki nyumbani yote, akatupa yenye vichwa butu vya mpira. Shabaha ni gunia la pumba za mpunga. Njia anayopita farasi imewekwa kamba huku na huku, na upande wa shabaha hapiti mtu wala kuku. Mshale hauwekwi upindeni mpaka farasi amenyooka. Kichwani helmeti ya pikipiki. Hatamu huzungushi mkononi. Hiyo ilitusumbua sana, maana sisi kamba ya ng'ombe lazima uizungushe mkononi, na ng'ombe akikuburuta anachoka haraka. Farasi hachoki. Na ile iliyowaudhi wazee ni hii: ukiona unaanguka, tupa upinde mbali nawe.

Mtemi wetu wa sungusungu alitema mate. "Mwanamume anayetupa upinde," alisema, "kesho atamtupa mkewe." Hata mimi ilinikera, kwa sababu upinde aliokuwa akiutumia Shija ni ule wa marehemu baba.

Sheria hizi ziliandikwa kwenye kipande cha boksi kikapigiliwa mlangoni mwa banda. Aliyeandika hakuwa Mama Farasi, maana Kiswahili chake hakifiki huko. Aliandika Thobias. Ya tatu ilisema: Kaza mkanda wa tandiko. Tembeza farasi hatua ishirini. Kaza mara ya pili.

Huyu Thobias ni mzee wa Kipogoro, amekulia upande wa Mahenge, mtu wa kanisani, mwandiko wake mzuri kama wa kadi ya ubatizo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya walowezi huko nyanda za juu, akitunza farasi. Mama Farasi alimpa matandiko yote ayasimamie. Lakini mimi nilikuwa na habari nyingine naye. Mwaka jana ng'ombe wetu waliingia kwenye mpunga wake ukiwa umebakiza wiki mbili kuvunwa. Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Hakwenda ofisi ya kijiji. Alisimama akaangalia shamba, akasema, "Basi, imeshaliwa," akaingia ndani. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mtu akikutukana unajua mmemalizana. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Basi nikawa namwangalia. Asubuhi mimi nakaza mkanda wa tumboni mwa farasi jike, jina lake Bahati, nakaza mpaka tundu la tano, meno yameumana. Shija anampanda, anamtembeza kidogo. Halafu Thobias anamsimamisha, anainama, anaingiza mkono chini ya tandiko pale kwenye mkanda, anafanyafanya, anaondoka. Siku ya kwanza nikanyamaza. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikawahi kabla yake, nikaingiza mkono mwenyewe, na mkanda niliokaza kwa nguvu zangu zote ulikuwa umelegea, ngumi inapita. Nikajua sasa nimeona.

Usiniulize kwa nini sikusoma sheria ya tatu. Niliisoma. Lakini sheria iliyoandikwa na mtu unayemshuku unaisomaje? Niliiona ni kisingizio chake cha kupeleka mkono pale. Na mimi ni mtu wa ng'ombe: nira ukiifunga vizuri alfajiri, unalima nayo mpaka jua la utosi. Kwa nini kazi iliyofanywa vizuri irudiwe?

Nikalipeleka jina lake kwenye mkutano wa sungusungu. Nilisema vizuri, unajua nikisimama nasema vizuri. Uamuzi ukapita bila mtu kubisha: hakuna Msukuma atakayemsalimia Thobias, hakuna atakayemuuzia maziwa, hakuna atakayemkodisha maksai kulima. Mkewe alikuja nyumbani kwangu na kidumu chake, ana mjukuu ambaye mama yake amekaukiwa na maziwa kifuani. Mke wangu alimrudisha na kidumu kitupu. Halafu akaingia jikoni, na siku mbili hakuniandalia maji ya kuoga. Hiyo nayo nikaishuku, nikadhani wamemlisha maneno.

Mama Farasi akasafiri kwenda Dar es Salaam kufuata dawa. Aliagiza farasi watembezwe tu, hakuna mbio mpaka arudi. Alipoondoka tu, nikamzuia Thobias mlangoni mwa banda. Hakugombana. Alisema, "Bwana Maduhu, mimi naondoka. Ila huyo Bahati ukimkaza, mkaze mara ya pili."

Nikamjibu, mbele ya vijana, "Mzee, kakaze wa suruali yako."

Nalitaja neno hilo ulisikie lilivyotoka kinywani mwangu, kwa mtu wa umri wa baba.

Siku ya nne Shija akaanza kubembeleza. Nane Nane imekaribia, mkono unasahau, mbio kidogo tu kaka, mara tatu tu. Nikaona ni salama kuliko siku zote, kwa kuwa adui hayupo. Nikakaza mwenyewe, tundu la tano. Hakuna aliyegusa tena. Mbio ya kwanza akapiga gunia. Ya pili akapiga gunia, watu wakashangilia. Ya tatu, akiwa ameuvuta upinde, niliona tandiko linaanza kwenda upande, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Shija alikwenda nalo. Akautupa upinde. Nilimwona kwa macho, aliutupa mbali, akaachia hatamu, akaanguka na bega. Bahati akapita juu ya upinde wa baba, ukavunjika vipande viwili.

Mfupa wa mtulinga ndio uliovunjika. Hospitali Ifakara walimfunga vizuri, anakula, anatukana, anacheka kwa uchungu. Helmeti ilipasuka, kichwa hakikupasuka. Daktari aliuliza kama alikuwa ameshika kitu alipoanguka. Tukasema alikitupa. Akasema vizuri, kijiti kama kile kingemwingia ubavuni. Mama, najua upinde ule uliutunza miaka yote juu ya kitanda chako. Umekufa upinde. Mwanao hakufa.

Jioni ile ndipo nilipowaandikia. Niliandika kwamba Thobias amenyemelea akalegeza mkanda, kwa kuwa sikuwa na maelezo mengine kichwani. Vijana hapa walitaka kumfuata usiku uleule. Mtemi akasema wamsubiri mjomba Ngassa, mwenye damu yake. Hapo sikumwomba mtu awatulize. Nilifurahi.

Mama Farasi aliporudi aliuliza swali moja: nani alikaza mara ya pili? Nikasema hakuna. Akasimamisha mazoezi, akafuta habari ya Nane Nane, wala hakunisemesha. Nikaona huyo anamtetea mtu wake. Nikaapa nitawaumbua wote wawili.

Nikaweka mtego. Asubuhi, wiki hii, nilimfunga Bahati tandiko, nikakaza mpaka tundu la tano, nikapaka alama ya mkaa mahali mkanda unapokutana na ngozi yake, ili ukisogea hata kidogo nijue. Nikaketi juu ya ndoo hatua tatu kutoka pale, sijapepesa, nikingoja mkono wa mtu. Hakuja mtu. Hakupita hata kuku. Nilikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Nikasimama kumsogeza kivulini, hatua kumi, ishirini hivi. Nikaangalia alama. Mkanda ulikuwa unaning'inia, na ngumi yangu ikapita.

Nilipiga kelele, mama. Nikasema huu ni uchawi. Nikatoka nje nikazunguka banda zima, nikaangalia juu ya paa. Nikarudi, nikamshika tena, nikakaza, na safari hii sikuangalia mkanda, nilimwangalia yeye. Nikamwona anavuta pumzi. Anavuta, anavuta, tumbo linajaa kama ngoma, masikio ameyalaza nyuma, na anaibana pumzi hiyo mpaka nimemaliza kufunga. Halafu nilipompeleka mbele kidogo, akaiachia yote. Fuuu. Mkanda ukalegea.

Ni farasi, mama. Farasi hapendi kubanwa, anajaza tumbo upepo ukimkaza, ukigeuka anaushusha. Ng'ombe hana ujanja huo, na mimi najua ng'ombe tu. Kila mkono wa Thobias niliouona pale ulikuwa unakaza mara ya pili. Siku zote zile ndiye aliyekuwa anamshikilia Shija juu ya tandiko, nami nikamfukuza. Nilikuwa nikimwimbia Shija kila siku kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe nguo ilikuwa yangu.

Nimemweleza mtemi. Amekasirika, kwa sababu sasa mkutano mzima umekosa pamoja nami. Jumamosi nitasimama palepale nilipomshtaki, niseme nilivyosema vizuri siku ile, safari hii kwa kigugumizi. Watanitoza faini ya dume la ng'ombe, nalistahili. Ila sijui kama litasaidia. Thobias na mkewe wamekwisha kufunga mizigo, wanarudi kwa ndugu zao Mahenge. Mtu huwezi kukaa mahali ambapo hata salamu ya asubuhi hupewi.

Leo asubuhi alikuja bandani kuchukua nyundo yake na sindano ya ngozi. Bahati alikuwa amefungwa tandiko, Mama Farasi anataka kumtembeza. Nikasimama mbele ya watu wa kwetu waliokuwa pale, nikasema, "Shikamoo, mzee Thobias." Nilikuwa Msukuma wa kwanza kumsalimia tangu siku ya mkutano.

Hakuitikia. Alimwangalia Bahati.

"Umekaza mara ya pili?"

"Bado, mzee."

Nikasogea pembeni ili apite aguse mwenyewe. Akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Kaza wewe," akasema. "Nikigusa mimi utaona mengine."

Nikakaza. Tundu la saba, mama. Alisimama mpaka akaona limefika, ndipo akachukua nyundo yake akaenda. Marahaba sijaipata. Na mimi nilivyo, nimeshinda leo kutwa nikijiuliza alikuwa na maana gani, kama ni msamaha au ni kisu. Mke wangu anasema maana yake ni kwamba hataki mtoto wa mtu aanguke, basi. Amekwenda kwake na kidumu kimejaa. Sikumuuliza.

Sasa mwambie mjomba Ngassa: kama nauli ameshakata, aje. Upinde auache. Aje aketi nami Jumamosi, au kama atachelewa, twende naye Mahenge tukamtafute yule mzee, kwa kuwa neno langu peke yake limechakaa na ukoo mzima ulishalichukua.

Wasalimie wote wa nyumbani. Shangazi anayeuza dagaa, mwambie mwanawe wa kwanza nilimwona Kivukoni akivusha ng'ombe, amenenepa. Babu wa upande wako, shikamoo yake, na mwambie nyavu za mbung'o si uongo. Mwalimu aliyemfundisha Minza kusoma, wabeja, asante sana, ingawa angemfundisha na kuandika ukweli. Shija anasalimu, anasema mkono ukipona atapanda tena, na wewe umkataze, mimi nimeshindwa.

Nimefika kwenye lile nililoahidi. Unakumbuka Lugembe, mchungaji wetu, mwaka ule ndama mwekundu alipopotea. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwambia baba nimemwona Lugembe akimpeleka mnadani. Sikuwa nimeona kitu, nilidhani tu, na nilivyodhani nikaona nimeona. Baba akamfukuza, naye Lugembe akafunga mkeka wake akaondoka na mvua. Siku ya tatu wewe ulimkuta ndama ndani ya shimo la kuchimbia udongo, nyuma ya ghala, ameshakufa. Ulifukia shimo mwenyewe kwa jembe, ukaniita, ukaniambia, "Limekwisha, usimwambie baba yako." Uliniokoa na fimbo, mama, najua ulifanya kwa kunipenda. Lakini Lugembe hakurudi, na hakuna aliyewahi kumsafisha jina.

Safari hii usinifichie. Minza, toka nje, ita watu wa mji wote, mjomba akae mbele, anza mwanzo, na usome kwa sauti.

Ni mimi mwanao niliyedhani nimeona,
Maduhu.